Gari la Sampu Kavu

Mzee wa gereji hakuitikia shikamoo yangu kwa siku kumi na nane. Nilizihesabu. Kila asubuhi aliwapitia mafundi wake mmoja mmoja, "mwangaluka" kwa huyu, "mwangaluka" kwa yule, nao wakamjibu "mhola" bila kutoa mikono ndani ya injini. Akifika kwangu, Kisukuma kinamwishia. "Umefika," anasema, kwa Kiswahili cha karani wa mahakama, halafu anapita. Mimi ni Msukuma wa baba na mama, lakini pale Igogo niligeuzwa mgeni kwa neno moja.

Sababu ilikuwa gari. Au niseme sababu ilikuwa mimi, ila gari ndilo lililonileta.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu lililopauka, fupi kiasi kwamba ukisimama ubavuni mwake paa linakufika tumboni. Mwenye nalo alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mabondo, yale matumbo ya hewa ya sangara yanayokaushwa na kusafirishwa nje. Biashara ilimkubali, na yeye alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kukimbiza gari mlimani. Kulikuwa na kundi la wenye magari ya namna hiyo waliokutana mara chache kwa mwaka kwenye barabara inayopanda vilima vya mawe upande wa Ilemela. Wanaomba kibali, wanaifunga, wanashindana nani atafika juu kwa muda mfupi. Wengi walikuwa wanaume wenye miwani ya jua. Mama alivaa glavu za kuendeshea na kitenge, na alikuwa hajawahi kushinda, kwa sababu injini yake ilikufa kabla ya kona ya mwisho.

Inabidi nieleze ilivyokuwa inakufa, maana humo ndimo ugomvi wote ulimoanzia.

Gari la kawaida huweka oili yake chini, kwenye bakuli la chuma lililofungwa tumboni mwa injini. Hilo bakuli ndilo sampu. Pampu inanyonya humo, inapeleka juu, oili inalainisha vyuma, inadondoka tena chini. Ukikata kona kwa kasi, oili inalala upande mmoja kama uji kwenye bakuli lililoinamishwa, mdomo wa pampu unabaki hewani, na kwa sekunde mbili tatu vyuma vinasagana vikavu. Kwa pikapu ya samaki hilo si neno. Kwa gari linalopanda mlima kwa hasira ni kifo.

Ndiyo maana gari la mama lilitoka kiwandani na sampu kavu. Oili haikai chini. Ikidondoka tu, pampu inaifyonza na kuirudisha kwenye tangi lililosimama pembeni, na kutoka kwenye tangi inasukumwa tena kwenye injini. Wazo zuri, ila la kwake lilikuwa la kizamani: mdomo mmoja tu wa kufyonza, tena mbele. Mlima mkali, gari limeinua pua, oili yote inakimbilia nyuma. Mdomo wa mbele unafyonza hewa. Tangi linakauka, geji ya presha ya oili inalala. Mama alikuwa ameshaua metali za konrodi, yale mabati laini yanayokaa kati ya konrodi na shafti, mara mbili, na mara zote mbili mzee wa gereji ndiye aliyezibadilisha, na mara zote mbili alimwambia apunguze mwendo.

Mimi nilimwambia mama kwamba tatizo si mwendo.

Nilimwambia nikiwa chini ya gari lake jingine, pikapu ya mizigo, nikimfungia breki nyumbani kwake. Nilikuwa fundi wa kutembea. Kibanda changu cha Mkuyuni kilikuwa kando ya barabara, na barabara ilipopanuliwa kibanda kikaondoka. Tangu hapo nilikuwa nafunga sanduku la spana nyuma ya baiskeli na kwenda ninakoitwa. Shule niliachia kidato cha pili. Sampu kavu niliisoma kwenye simu, usiku mwingi, video za watu wa lugha nisizozijua, nikiangalia mikono yao tu. Hapa Mwanza sikuwa nimewahi kuiona hata moja. Nilipofunua boneti ya lile gari jekundu niliona kama nimekutana na mtu niliyekuwa naandikiana naye barua.

Mama akasikiliza. Akaagiza pampu mpya, ya midomo minne: mitatu ya kufyonza, mmoja wa kusukuma. Kisha akanipeleka Igogo kwa mzee, kwa sababu kule kulikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, na mnyororo wa kunyanyulia injini, na paa.

"Mzee wangu," alimwambia, "huyu kijana atafanya mfumo wa oili tu. Mengine ni yako."

"Oili ndiyo injini," mzee akasema.

"Ndiyo maana nataka ifanywe vizuri."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini nililiona lile neno likimwingia mzee, na nikaona linakokwenda kutokea, yaani kwangu.

Makubaliano yakafanyika palepale, tumesimama, mafundi wanasikiliza kwa kujifanya hawasikilizi. Gari likipanda mlima na kushuka na injini yake nzima, mimi napata nafasi ya kudumu pale gereji, kona yangu na meza yangu. Likifa, naondoka, na mama hatamsumbua tena mzee kwa kumletea mafundi wa njiani. Mzee alikubali upesi. Alikuwa na hakika.

Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Watu wanadhani fundi anahitaji spana. Fundi anahitaji mahali ambapo mteja aliyemtengenezea jana atamkuta leo. Bila hapo wewe ni tetesi tu. Nilikuwa nimeshaichagua kona yenyewe, karibu na ukuta wa matofali, na kichwani nilikuwa nimeshapigilia rafu na kuning'iniza spana kwa ukubwa wake. Hata rangi ya rafu nilikuwa nayo.

Basi nikaanza kazi, na wao wakaanza yao.

Shimo halikuwa wazi hata siku moja. Kulikuwa na gari kuukuu juu yake, halina magurudumu mawili, halifanyiwi chochote. Niliomba lisogezwe. Nikaambiwa mwenyewe yuko safari. Kwa hiyo sampu niliishusha nikiwa nimelala juu ya boksi la friji, oili kuukuu inanidondokea sikioni. Spana yangu namba kumi na tatu ilipotea asubuhi ikaonekana jioni, juu ya sanduku langu, katikati, imesafishwa. Aliyeirudisha alitaka nijue kwamba ilichukuliwa.

Ulimi wa gereji ulikuwa wa fundi umeme, mtu wa Musoma, mrefu, mcheshi kwa kila mtu. Yeye ndiye aliyenibatiza, aliposikia kwamba sampu kavu nimejifunzia kwenye simu.

"Fundi Bando," aliniita siku ya pili. "Leo umejiunga ya siku au ya wiki?"

"Ya mwezi," nikasema.

"Jamani, tuna mwezi mzima wa kuteseka."

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha. Siku ya sita nilikuwa bado nacheka. Siku ya kumi alisema, "Bando, likikata katikati injini inaganda pistoni ziko juu au chini?" na nikaona kwamba mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, ametabasamu. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Tabasamu alikuwa nalo, kumbe.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa inakwenda, na nikiwa ndani ya kazi nasahau watu. Nilitoboa sampu sehemu mbili, nyuma na ubavuni, na kumpelekea mtu wa Mkuyuni mwenye mashine ya kuchonga vyuma anichongee shingo za kuunganishia mipira. Nikachomelea kwa gesi ya agoni. Nikafunga pampu ubavuni mwa injini, ikizungushwa na mkanda wenye meno. Tangi nililitengeneza mwenyewe, la aluminiamu, refu na jembamba, ndani yake nikaweka mabati yenye matundu ili oili ikirudi na mapovu ishuke taratibu, ipumue, hewa itoke juu. Juu nikaweka bomba la kupumulia, na bomba likaishia kwenye chupa ya kupokea matone. Chupa niliifunga pale penye nafasi. Penye nafasi palikuwa karibu na ekzosi. Nilipaona, nikasema itatosha.

Sasa niseme habari ya mzee na tambara lake.

Kila siku, geti likifunguliwa, kabla ya chai, kabla hata ya kufungua stoo, mzee alipita kwenye msururu wa magari yote yaliyolala pale na dumu la oili mkono mmoja na tambara begani. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha kupimia, anafuta, anaingiza, anachomoa, anatazama. Pungufu, anaongeza. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyethubutu. Ujanani alikuwa fundi kwenye boti ya mizigo, na siku moja injini ikakauka oili katikati ya maji, mbali na Ukerewe, wakaelea siku mbili na abiria mmoja mgonjwa. Hadithi hiyo nilisimuliwa na fundi umeme, naye aliisimulia bila utani. Hakusema mgonjwa aliishiaje. Alisema tu kwamba tangu hapo halijawahi kukauka gari ndani ya geti lile.

Nilimwona mzee akifanya hivyo asubuhi kumi na nane. Gari langu alilipita, kwa sababu lilikuwa halina oili, limefumuliwa.

Siku ya kumi na nane, saa tisa alasiri, nilijaza. Lita tisa. Nikawasha, nikaiacha injini ipate moto vizuri, na ikiwa inaunguruma vilevile nikafungua kifuniko cha tangi na kuingiza kijiti nilichokichonga mwenyewe. Sampu kavu hupimwa hivyo, injini ikiwa ya moto na inazunguka. Oili ilifika nilipotaka. Nikakata alama mbili kwa tupa, ya juu na ya chini, nikazima.

Ukiizima ikalala, mambo yanabadilika. Oili inashuka taratibu, inajipenyeza kwenye pampu, inarudi chini kwenye sampu. Asubuhi tangi litaonekana karibu tupu, na hakuna kilichopungua.

Nilikuwa nafuta mikono nilipomwona mzee amesimama upande wa pili wa gari. Sijui alikuwepo tangu lini. Aliangalia tangi, akafuata mipira kwa macho, mmoja mmoja, mpaka kwenye pampu. Hakusema ni mbaya. Kisha akauliza, siyo mimi hasa, aliuliza hewa:

"Kijiti chake kiko wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu nifike.

"Hapo juu ya tangi, mzee," nikasema.

Akangoja kidogo. Nikaendelea kufuta mikono. Nilijua kinachofuata kusemwa, kilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa na siku kumi na nane tumboni, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye gereji ndiye asiyejua na mtu wa kwenye simu ndiye anayejua, na nikaona raha. Niseme ukweli, niliona raha. Mimi ni mtu wa kulia nikiona kuku kagongwa barabarani, na bado niliona raha ile. Nikamjibu neno fupi kama alivyokuwa akinijibu. Akaondoka.

Kesho yake, Jumamosi, siku ya kulijaribu gari mlimani, nilifika saa moja na nusu. Mzee alikuwa ameshamaliza mzunguko wake, anakunywa chai. Mama alikuwa ameshafika, amevaa glavu.

"Tayari, mwanangu?"

"Tayari, mama."

Niliwasha, nikaacha injini ipate moto. Hapo nilipaswa kupima tena. Lakini nilikuwa nimepima jana, mama alikuwa anatazama saa, na mafundi wote walikuwa wametoka kusimama kwenye geti kama watu wanaosubiri msiba. Nikaingia kiti cha kushoto, nikafunga mkanda.

Tulipofika chini ya mlima barabara ilikuwa tupu. Mama akavuta pumzi mara moja na kukanyaga.

Ninachokumbuka ni geji. Sikuangalia barabara hata mara moja. Kona ya kwanza, mshale umesimama kwenye nne. Ya pili, kali, ya kulia, gari limeinua pua na mawe makubwa yanapita dirishani kama yanatupwa: nne. Ya tatu, ile iliyoua metali zote mbili, mshale ukatikisika, ukarudi nne. Midomo mitatu ilikuwa inafyonza. Yale niliyoyaona kwenye skrini ndogo iliyopasuka yalikuwa yanatokea chini ya miguu yangu, na wala sikuwa nimelala.

Halafu harufu ikaja. Kisha moshi, mweupe, mzito, kutoka pembeni mwa boneti, upande wa ekzosi.

Mama alisimamisha gari, akazima, akashuka. Nilifungua boneti kwa mkono uliofungwa shati. Chupa ya kupokea ilikuwa imejaa na kufurika, oili inatiririka juu ya ekzosi na kuchemka. Hapakuwa na moto. Nilimwaga mchanga na kungoja. Mama alisimama kando ya barabara akiangalia ziwa kule chini, mgongo kwangu.

"Imekufa?" akauliza, hakugeuka.

"Sijui, mama. Presha haikushuka."

"Sikukuuliza presha."

Pikapu yake ya samaki ilikuja kutuvuta.

Gereji walikuwa wamesimama vilevile getini. Fundi umeme aliona masizi kwenye boneti akatikisa kichwa. "Bando limekata," akasema, na safari hii hakucheka mtu.

Mzee aliinuka kwenye kiti. Aliangalia ekzosi, akaangalia oili iliyoganda kwenye fremu, akaniangalia.

"Chukua sanduku lako."

"Niruhusu niitoe oili kwanza, mzee."

"Ya nini?"

"Nijue imebaki ngapi."

Nilidhani atakataa. Lakini oili ilikuwa imetajwa, na juu ya oili mzee hakuwahi kukataa kujua. Akanipisha. Nikaleta chupa za maji za lita moja, nikakata shingo zake, nikafungua chini ya sampu, chini ya tangi, na mipira yote, nikaikamua mmoja mmoja. Nikawa nahesabu kwa sauti. Mama alihesabu nami kimoyomoyo, midomo inamcheza. Saba. Nane. Tisa. Nilipofika tisa tangi lilikuwa bado linadondosha. Kumi. Ikaja nyingine, ikafika robo tatu.

"Uliweka ngapi?" mama akauliza.

"Tisa."

"Na iliyomwagika kule?"

"Hiyo ni nyingine," nikasema.

"Mtu kaongeza," nikaendelea. Sikumtazama yeyote. Nilishajua. Dumu la mzee lilikuwa pale mlangoni, na tambara liko begani kwake.

"Dogo, usitafute wa kumbambikia," fundi umeme akasema. "Umeshindwa, umeshindwa."

"Nyamaza wewe," mzee akamwambia. Akasogea mbele, mpaka kwenye chupa zile, akaziangalia zote, kumi na ile yenye robo tatu. "Nimeongeza mimi. Lita mbili na nusu. Asubuhi. Kijiti kilikuwa kikavu."

Nadhani mafundi wale walikuwa hawajawahi kumsikia akitaja kosa lake.

"Kilikuwa kikavu au hakikuwa kikavu?" akaniuliza.

"Kilikuwa kikavu, mzee."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Kwamba usiku oili hushuka kwenye sampu. Kwamba hupimwa injini ikiwa ya moto na inazunguka, vinginevyo kijiti kinadanganya, na ikiongezwa, injini ikizunguka oili iliyozidi hutokea kwenye bomba la kupumulia na kufurisha chupa. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, na kila sentensi niliyosema niliisikia inavyochelewa.

"Ulijua hayo jana," mzee akasema.

"Nilijua."

"Nilipokuuliza kijiti."

"Ndiyo."

"Siku kumi na nane unaniona na hili tambara. Ulijua leo nitafika kwenye hilo gari."

Nilikuwa na jibu moja tu, na nikalitoa ingawa lilikuwa la kitoto. "Hukuwa unaniitikia, mzee. Kila siku nakuamkia, huitikii."

"Sikukuitikia," akasema. "Shikamoo unanipa mimi, naipokea nikitaka. Oili ni ya gari."

Mama akaingia kati. Alikuwa amepata uso wake wa biashara. "Basi tumeelewana, mzee wangu. Injini haijafa. Kona ya tatu imepita na presha nimeiona hata mimi. Makubaliano ni makubaliano, kijana abaki."

"Injini haijafa," mzee akasema. "Kazi yake ni nzuri. Kuliko yangu kwenye gari hilo, sikatai. Lakini hapa hakai."

"Mbona unavunja neno?"

"Navunja. Asiyejua nitamfundisha. Huyu anajua, anakaa kimya akitazama mtu anaharibu. Kesho atamtazama mtu yuko chini ya gari na jeki inateleza."

Nilitaka kusema kwamba hapana, jeki siyo, jeki ningepiga kelele. Na ni kweli ningepiga. Lakini ningethibitishaje?

Mama alisema atachukua gari aende nalo ninakokwenda mimi. Mzee akamuuliza ni wapi huko, kando ya barabara gani. Mama akatazama mnyororo wa kunyanyulia injini, akatazama paa, akatazama lile shimo lenye gari bovu juu yake. Mashindano yalikuwa wiki mbili mbele. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. Hakusema tena kwamba ataondoka na mimi. Simlaumu, ila pale pale, kwa dakika kama mbili, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mzee.

"Kabla hujaenda," mzee akaniambia, "nionyeshe."

Tulifanya kazi hiyo pamoja. Nilihamisha chupa ya kupokea ikawa mbali na ekzosi, nikaosha masizi kwa dizeli na maji ya sabuni, nikamimina lita tisa mpya. Mzee alinishikia faneli. Mkono wake ulikuwa na alama ya kuungua ya zamani, ndefu, kutoka kwenye kiwiko. Nikawasha. Tukasimama pande mbili za injini tukingoja ipate moto, na kila mtu mwingine akajipatia kazi mbali. Joto lilipokuwa sawa nikachomoa kijiti, nikafuta, nikaingiza, nikachomoa, nikamwonyesha.

Akakichukua. Akafuta kwa tambara lake, siyo langu. Akapima mwenyewe. Akapima tena.

"Alama ya juu umeikata nene mno," akasema. "Nene hivi mtu hajui ni hapa au ni hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Izibe, ukate nyembamba."

Sikuwa na muda wa kuiziba, nilikuwa nafukuzwa. Lakini nilichukua tupa nikakata nyingine nyembamba chini yake kidogo, ile nene nikaipiga msalaba. Akaitazama, akakirudisha kijiti kwenye tangi. Hakusema asante, wala sikungoja.

Nilifunga sanduku nyuma ya baiskeli. Fundi umeme alinishikia baiskeli isianguke nilipokuwa nakaza kamba, akisema jambo fulani juu ya tairi langu la nyuma, kwamba limekula upande. Nikamwambia nimeliona. Nikatoka.

Sikupanda. Niliikokota kwa miguu kwenye njia ya kandokando ya ziwa, kwa sababu sanduku ni zito na kwa sababu nilikuwa sijui naenda wapi. Jua lilikuwa la saa nane. Nilikuwa nimefika pale wanapoanika dagaa niliposikia injini nyuma yangu. Niliijua kabla sijageuka.

Mama alikuwa anaendesha. Kwenye kiti cha kushoto, kiti changu, alikaa mzee, magoti yamemfika karibu na kidevu kwa sababu ya ufupi wa lile gari, shingo ameiinamisha kwenye geji. Hakuangalia nje. Wangepita ng'ombe kumi asingewaona. Walikuwa wanaelekea upande wa Ilemela.

Nilisimama na baiskeli mpaka gari likapotea, halafu nikabaki nimesimama nikisikiliza. Mama alibadilisha gia, akakanyaga. Nilitega sikio nisikie kile kishindo kidogo cha kugonga kwa chini, kile kinachosema metali imeanza kwenda. Hakikuwepo.